Mjomba wako amepatia nusu

"Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa nne, nasomea uhandisi wa maji hapa Arusha. Juzi kwenye kikao cha harusi ya dada yangu, mjomba, ambaye ana uzamivu wa kemia na anafundisha chuoni, alisema mbele ya ukoo mzima kwamba mhandisi si mwanasayansi, ni fundi mwenye cheti. Akaongeza kwamba hata yule kaka ninayemfuatilia YouTube, anayeeleza mambo ya nyota kwa Kiswahili, ni mpiga porojo aliyesoma vitabu vya wenzake. Watu wakacheka. Nilinyamaza, ila iliniuma. Je, ana haki? Mradi wangu wa mwisho ni kichujio cha mkaa wa mifupa cha kupunguza floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, kwenye maji ya kunywa. Nao si sayansi?"

Marahaba, binti yangu. Nikupe kwanza lile usilotaka kulisikia: mjomba wako amepatia nusu. Mhandisi, katika kazi yake ya kila siku, hafanyi sayansi. Na anayeieleza sayansi kwa umma, pale anapoieleza, hafanyi sayansi vilevile. Mjomba alipoteleza ni pale alipozigeuza kazi tatu kuwa ngazi, yeye akapanda juu na ninyi wengine akawaacha mmeshika ngazi isianguke.

Ugomvi wa namna hii mara nyingi ni wa majina, kwa hiyo tuyatazame majina. "Mhandisi" tumelipokea kwa Waarabu, na kwao handasa ni jiometri na uhandisi kwa pamoja. Wao nao walilichota kwa Waajemi, kwenye neno lenye maana ya kipimo. Ukilifuata neno mpaka chanzoni, basi, wewe ni mtu wa vipimo, na sidhani mkemia ana ugomvi na hilo. "Mwanasayansi" tumelitengeneza wenyewe, likakaa foleni moja na mwanasiasa, mwanamuziki na mwanamaji, maneno yanayotaja shughuli anayoishi nayo mtu. Cheti hakimo humo. Tena angalia kichekesho hiki: Tanzania ina bodi ya usajili wa wahandisi, Kenya nayo ina ya kwake, na ukijiita mhandisi bila kusajiliwa sheria inaweza kukushika. Kujiita mwanasayansi hakuna wa kukuuliza. Hata anayeuza chupa za dawa ya kisukari stendi siku hizi anajitambulisha kama mtafiti.

Kwa hiyo kadi na vyeo tuviweke kando. Kipimo changu ni hiki: katika jambo hili, je, mtu huyu aliuliza swali ambalo jibu lake halikuwa limeandikwa popote, akalitafuta kwa njia ambayo ingeweza kumuumbua, kisha akaliweka mezani wenzake walikague? Akifanya hivyo Jumatatu, basi Jumatatu ni mwanasayansi. Jumanne akirudi kusimamia karavati au kufundisha darasani kwa notsi zilizogeuka njano, anafanya kazi nyingine, yenye heshima yake.

Kwa nini nasema uhandisi wa kawaida si sayansi? Kwa kuwa wewe ni mtu wa maji, nitachukua mfano wa maji. Kiangazi cha 1858 mto Thames ulinuka hata wabunge wa Uingereza wakashindwa kukaa kwenye jengo lao lililo ukingoni. Pesa za mabomba ya majitaka, zilizokuwa zikibishaniwa kwa miaka, zikapatikana upesi. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga njia kuu za matofali chini ya London, zaidi ya kilomita 130, zikauchukua uchafu wa mji na kuutoa mashariki, mbali na watu. Wakati huo wakubwa wengi, madaktari wakiwamo, waliamini kipindupindu huletwa na hewa mbaya, yaani ule uvundo wenyewe. Daktari John Snow alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1854, kwa wagonjwa waliozunguka pampu moja ya mtaa wa Broad Street, kwamba kinaletwa na maji, lakini wengi hawakumsadiki. Hoja iliyompa Bazalgette kazi ilikuwa kuondoa harufu. Alipoiondoa, akaondoa na kinyesi kwenye maji ya kunywa. Kipindupindu kilirudi mwaka 1866, kikaua hasa upande wa mashariki, ambako mfumo wake ulikuwa haujakamilika, na baada ya hapo London haikupata tena mlipuko mkubwa. Robert Koch alikuja kuwaonyesha watu kijidudu chenyewe miaka ya 1880.

Nadharia ilikuwa mbovu na kazi ikawa njema. Sayansi haiwezi kujivunia jambo kama hilo, kwa sababu kosa la Bazalgette kuhusu hewa lilibaki kosa hata baada ya maelfu kupona. Uhandisi unaweza kujivunia, kwa sababu swali lake lilikuwa kama uchafu utatoka mjini au hautatoka, na ulitoka. Mhandisi hana ruhusa ya kusema "utafiti zaidi unahitajika". Masika yanakuja Machi, karavati lazima liwe tayari, na kama hajui udongo ule utafanya nini anaongeza nondo, anaongeza unene, anaacha nafasi ya kukosea. Mwanasayansi anaweza kukaa na "bado hatujui" miaka ishirini na akalipwa mshahara. Sijui kwa nini tuliamua kwamba huyo wa pili ndiye mwenye akili zaidi.

Hata hivyo kuna wahandisi ambao swali la kazi liliwapeleka mbali kuliko walivyotumwa. Ninayempenda kuliko wote ni Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai, mhandisi wa umeme aliyekuwa kwenye maabara ya kampuni ya simu huko Harlow, Uingereza. Miaka ya 1960 kila mtu alijua kwamba mwanga unaweza kupita ndani ya uzi wa kioo. Kila mtu alijua pia kwamba haufiki mbali: kwenye kioo cha siku zile, baada ya mita 20 tu kilichobaki kilikuwa kama sehemu 1 kati ya 100 ya mwanga ulioingia. Wengi wakaachana nao, wakisema kioo ndivyo kilivyo. Kao akauliza swali la kitoto: ni kioo, au ni uchafu uliomo kwenye kioo? Akapima aina mbalimbali za vioo, akachunguza mwanga unapotelea wapi, akafikia kwamba kioo chenyewe hakina hatia na kwamba wezi ni chembechembe za madini kama chuma zilizochanganyika humo. Mwaka 1966 yeye na mwenzake George Hockham wakachapisha hesabu: kikipatikana kioo safi kiasi kwamba sehemu 1 kati ya 100 inabaki baada ya kilomita nzima, simu zitasafiri kwa mwanga. Miaka minne baadaye kampuni moja ya Marekani ikakitengeneza. Kao alipewa Nobel ya fizikia mwaka 2009, mwaka uleule ambao nyaya za fiba za chini ya bahari zilifika Mombasa na Dar es Salaam. Swali lako limenifikia kwa njia yake.

Sasa mwambie mjomba achague. Kao alikuwa mhandisi kwa elimu, kwa ajira na kwa lengo, maana alitaka simu ipite. Lakini hapo katikati aliuliza kitu ambacho hakuna aliyekijua, na vipimo vyake vingeweza kumwambia "umekosea, ni kioo". Hiyo ni sayansi, hata kama kamati ya Nobel isingemkumbuka. Na si yeye peke yake. Somo zima la joto na kazi, lile unalolijua kama thamodinamiki, lilianzia kwenye kitabu kidogo cha mwaka 1824 cha Sadi Carnot, ofisa mhandisi wa jeshi la Ufaransa, mwenye miaka 28, aliyetaka kujua injini ya mvuke inaweza kuboreshwa mpaka wapi. Aligundua kwamba kuna ukuta: mtambo unaopokea joto la nyuzi 227 na kulitupa kwenye nyuzi 27 hautageuza kuwa kazi zaidi ya asilimia 40 ya joto hilo, hata uukabidhi kwa fundi malaika. Injini zilikuwa zimefanya kazi zaidi ya miaka mia moja kabla mtu hajajua hivyo. Walimu wetu walitufundisha kwamba sayansi hutangulia na uhandisi hufuata kuitumia. Kwa mvuke mambo yalikwenda kinyume.

Nirudi kwenye mifupa yako. Wewe unayejua Arusha huhitaji nikueleze meno ya kahawia ya watu wa Ngarenanyuki, wala kwamba mito ya Mlima Meru imebeba floraidi kupita ile miligramu 1.5 kwa lita inayoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Mifupa ikichomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo inakuwa mkaa, na madini yaliyomo, apataiti, hunasa floraidi maji yanapopita. Kituo cha Ngurdoto kimehangaika na jambo hili miaka mingi. Moto ukizidi, mifupa inakuwa myeupe na inapoteza uwezo wa kunasa; ukipungua, maji yanatoka na rangi na harufu ambayo hakuna mama atakayeikubali jikoni. (Niliwahi kukaa na mzee mmoja mchomaji ambaye hakuwa na kipimajoto. Aliokota kipande, akakivunja, akatazama ndani, akasema "bado" au "tayari". Nikapima baada yake siku tatu mfululizo nikiwa na tamaa ya kumkamata. Sikumkamata. Ujuzi wa mzee yule ni kitu cha nne ambacho mimi na mjomba wako hatujakipa jina zuri.)

Ukichukua mwongozo uliopo, ukajenga kichujio, ukapima kabla na baada, floraidi ikashuka, umefanya uhandisi. Kaya zitakunywa maji mazuri na wasimamizi wako wakupe alama zako. Lakini tuseme mkaa wa mzigo mmoja unachoka mapema kuliko wa mzigo mwingine, na joto la tanuri lilikuwa lilelile. Ukitupa mzigo mbaya na kuendelea, ni busara ya kazi. Ukisimama hapo na kuuliza kwa nini, mambo yanabadilika. Ni umri wa ng'ombe? Ni ukubwa wa chembe? Ni kasi ya maji, au kuna kitu kingine kwenye maji ya kijiji kile kinachogombania nafasi na floraidi? Ukageuza kimoja huku vingine umevishika, ukapima na yale maji unayohofia yataharibu grafu yako, ukaandika yote, hata siku yalipokuaibisha. Wiki hiyo utakuwa mwanasayansi kuliko watu wengi wenye koti jeupe.

Koti jeupe lenyewe lisikutishe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto, aliingiza maziwa ya aiskrimu kwenye friji yakiwa bado moto, kwa haraka ya kuwahi nafasi, yakaganda kabla ya ya mwenzake ambaye hakuchemsha. Mwalimu wake akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akaibeza kuwa ni fizikia ya Mpemba. Alipokuja kumuuliza Denis Osborne, mwanafizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi wenzake walicheka kama mlivyochekwa kwenye kikao chenu. Osborne akamwomba mtu wa maabara ajaribu. Yule akarudi na habari kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, akaongeza kwamba lakini wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi! Mpemba na Osborne walichapisha makala yao mwaka 1969, na wanafizikia bado wanabishana kama jambo hilo lipo na kwa masharti gani. Wengine wamejaribu wasilione. Sijali sana nani atashinda. Ninachotazama ni nani pale alikuwa tayari kusikiliza barafu, na hakuwa mwenye shahada. Mpemba mwenyewe alikwenda kusomea wanyamapori.

Vivyo hivyo Jane Goodall. Alipofika Gombe mwaka 1960 hakuwa na shahada yoyote, na mwaka huohuo akamwona sokwe mtu akitumia kijiti kuvua mchwa kwenye kichuguu. Uzamivu wa Cambridge ulikuja miaka kadhaa baadaye. Je, alichokiona kiligeuka sayansi siku ya mahafali?

Sasa yule kaka wa nyota. Hapa mjomba ana hoja kubwa kidogo kuliko kwako. Kueleza kilichogunduliwa na wengine si kukigundua, hata ukieleza vizuri kiasi gani, na mtu akizoea kushangiliwa anaanza kuulizwa mambo ya chanjo, ya uchumi, ya mbegu, na anajibu. Hatari hiyo ipo. Lakini haiwahusu waelezaji peke yao. Linus Pauling alikuwa mkemia, mwenzake mjomba, tena aliyepata Nobel ya kemia mwaka 1954, na uzeeni aliitangazia dunia kwamba vitamini C kwa dozi kubwa huzuia mafua na husaidia hata saratani. Majaribio ya hospitali hayakumuunga mkono. Kwenye vifungo vya kemia alikuwa bingwa. Kwenye vitamini C alikuwa mzee maarufu mwenye maoni.

Upande wa pili, sayansi bila waelezaji ingekosa hata watu. Neno la Kiingereza lenye maana ya mwanasayansi halijafikisha miaka mia mbili: William Whewell wa Cambridge alilipendekeza mwaka 1833, na lilipochapishwa mara ya kwanza, mwaka 1834, lilikuwa ndani ya uhakiki wa kitabu cha Mary Somerville, mama wa Scotland aliyepata jina kwa kueleza kazi za wengine. Mjomba angemwita mpiga porojo, na hilo neno analojivunia lilitoka pembeni ya kitabu chake! Katika toleo moja la baadaye la kitabu hichohicho Somerville aliandika kwamba kuyumba kwa sayari ya Uranusi huenda kunaashiria sayari nyingine isiyoonekana. John Couch Adams, mmoja wa waliokuja kukokotoa mahali pa Neptuni kabla haijaonekana mwaka 1846, inasemekana alikiri kwamba wazo lilimjia kwa kumsoma. Na Michael Faraday, ambaye bila yeye hatungekuwa na jenereta, alikuwa kijana wa kujalidi vitabu asiye na shule ya maana; kemia aliionja kwenye kitabu cha mazungumzo cha Jane Marcet, kilichoandikwa kwa ajili ya wasio wataalamu. Alipokuwa mkubwa alimheshimu mama huyo kama mwalimu wake wa kwanza, na yeye mwenyewe akatoa mihadhara ya Krismasi kwa watoto miaka nenda rudi. Lile neno la Whewell, kwa taarifa ya mjomba, Faraday hakulipenda. Alipendelea kuitwa mwanafalsafa.

Anayeeleza kwa Kiswahili, tena, ana mzigo ambao mwenzake wa Kiingereza hana. Mwenzake anaweza kulirusha neno la kitaalamu na kupita nalo haraka kabla msikilizaji hajauliza. Wa kwetu akisema "nguvu ya jua" lazima kwanza ajiulize anamaanisha kani, nishati, au ile nguvu ya wati kwenye balbu, kwa sababu mtaani zote tatu tunaziita nguvu. Akisema shimo jeusi, lazima aeleze upesi kwamba si shimo. Nimewaona wenye shahada wakikwama hapo, wakarudi kwenye Kiingereza kama mtu aliyekanyaga tope. Huyo kaka akiweza kuvuka bila kudanganya, ameelewa jambo, na mimi namheshimu. Msikilize kama anataja habari ameipata wapi, kama huwa anasema "hapa wanabishana", na kama alishawahi kurudi wiki iliyofuata kusema "nilikosea". Akiwa hajawahi kukosea hata mara moja, ondoka.

Kuhusu mjomba, ukipata nafasi muulize mara ya mwisho alipopima kitu ambacho kingeweza kumuumbua ilikuwa lini. Huenda akakushangaza kwa jibu zuri, na akawa mtu wa kukusaidia kuelewa nani anagombania nafasi na floraidi kwenye mkaa wako, maana hilo kwa kweli ni swali la kemia. Ila usimuulize kwenye kikao. Mfuate nyumbani, na uende na takwimu zako zote, hasa zile mbaya.